Maneno Mawili kati ya Matano

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na ubaya wake ni kwamba nilikuwa mjinga kwa makusudi. Nilijiandaa kabisa. Nilisimama mbele ya kioo cha bafuni kule hotelini, mdomo wazi, macho nusu, nikifanya mazoezi ya sura ya mtu aliyeamshwa ghafla akaulizwa jina la bibi yake. Watu wengi ujinga huwapata kwa bahati mbaya. Mimi niliufuata mwenyewe, kwa miguu yangu, na soksi safi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilitoka kwetu Mississippi, kwenye tambarare ya pamba na mabwawa ya kambare, nikapelekwa mji mmoja wa baridi huko kaskazini kujaribiwa na timu ya futiboli. Nasema ile yetu, ya kubeba mpira mkononi na kugongana vifua. Siku timu zote zilipochagua vijana wapya, jina langu halikutajwa hata na mtu aliyekohoa. Niliingia kwa mlango wa nyuma, mmoja kati ya vijana tisini, na mwisho wa Agosti thelathini na saba walikuwa warudishwe makwao.

Kazi yangu ilikuwa kubeba mpira. Unapewa mpira, unaingia nao katikati ya wanaume wenye uzito wa friji na hasira ya mtu aliyenyimwa chakula cha mchana, wanakuangusha, unainuka, unapewa tena. Mtu wa kazi hiyo akimaliza miaka mitatu, wenzake humwita babu. Mimi wenzangu waliniita Kupe, kwa sababu mpira ukishaingia kwapani mwangu hautoki, hata waje watu wanne na kiberiti. Jina langu la kanisani ni Lavoris Stampley.

Mtaniwia radhi nikikosea siku au mahali. Mama yangu, Bi Earnestine Stampley, amekaa hapa mezani anasoma kila ninapoandika. Anasema haikuwa hoteli, ilikuwa bweni la chuo walikotuweka. Haya, bweni.

Aliyenifundisha ujinga aliitwa Odell Gaither. Alikuwa mbeba mpira namba moja wa timu, umri miaka thelathini, na alishuka ngazi kinyumenyume kwa sababu ya magoti. Jumapili moja ya Julai aliniita chumbani kwake, amekaa na miguu ndani ya ndoo ya barafu.

"Dogo, kesho wanawapima vichwa."

"Kichwa changu kizima, babu."

"Ndiyo shida yenyewe. Kaa."

Nikakaa.

"Watakusomea maneno matano, uyarudie. Halafu tarakimu, uzitaje kuanzia nyuma. Kila utakachopata wanakiandika. Oktoba ukigongwa kichwa, wanakutia kwenye kihema kando ya uwanja, wanakuuliza tena, wanalinganisha. Umeshuka, umetoka. Ukitoka, anaingia mwingine. Na mwingine akiingia, wewe unarudi kwenu kukata samaki."

"Kwa hiyo nipate yote."

Odell akaniangalia kama mtu anayeangalia gurudumu lililopasuka.

"Ukipata matano Julai, Oktoba utahitaji mangapi?"

"Matano."

"Na ukipata mawili?"

"Mawili."

"Kumbe una akili," alisema. "Basi kesho usije nayo."

Usidhani ilikuwa siri ya Odell peke yake. Kesho yake tulijipanga kwenye korido, wanaume wazima, kila mmoja akijivuta usingizi wa uongo. Kuna mmoja alitoka mle ndani akijisifu kwamba ameshindwa kutaja mwezi. Tukampigia makofi.

Aliyenipima alikuwa dada mmoja mpole, Bi Kowalczyk, na kompyuta yake. Akanisomea taratibu: kijiko, farasi, ngazi, chumvi, dirisha. Akasubiri.

"Kijiko," nikasema. Nikakuna kichwa. "Na... ee... chumvi."

"Chukua muda wako."

"Ndiyo yote hayo, dada. Kwetu hatuna maneno mengi."

Akaandika mawili. Akanisomea tarakimu, nikazichanganya kama karata. Tulipomaliza nikasimama, shati limenigandia mgongoni kwa joto, nikamwambia kwa adabu, "Dada, ungefungua hilo dirisha."

Akaniangalia. Akaangalia kompyuta. Nikasikia masikio yangu yakiwaka. Lakini hakubadilisha kitu. Akafungua dirisha, akaita anayefuata.

Ijumaa ya wiki ile ile palikuwa na mtihani mwingine, na huu hakuna aliyejifanya mjinga. Kocha wa wabeba mpira, Kocha Brannock, alikuwa mzee wa zamani asiyeamini kompyuta. Alitupa kila mmoja kitabu cha mbinu, kurasa mia nne, kizito kama tofali. Ndani yake kuna michoro: mpira ukianza hivi unakimbia huku, adui akisimama vile unamzuia yule, na kila mbinu ina jina refu kuliko jina la mchungaji mgeni. Ukikosea moja, mrushaji wa mpira wako anavunjwa mbavu. Kwa hiyo kila Ijumaa Brannock alitupa maswali sitini kwenye karatasi, na aliyepata chini ya hamsini alianza kufungasha.

Nilikisoma kitabu kile chooni. Nilikisoma nikila. Nilipanga vijiko na chupa za sosi mezani, nikazisogeza. Ijumaa nikapata hamsini na nane kati ya sitini. Brannock akanirudishia karatasi mbele ya watu.

"Kupe. Hizo mbili umempelekea nani?"

"Nimekuachia wewe, Kocha, usije ukaona wivu."

Hakucheka, lakini aliandika kwa kalamu nyekundu juu kabisa, 58/60, tarehe, na sahihi yake. Nikaituma karatasi ile kwa Mama. Lazima ujue kwamba Mama, tangu nikiwa darasa la kwanza, alikuwa akibandika mitihani yangu kwenye friji kwa sumaku, mizuri na mibaya, ili wageni wajue wameingia nyumba ya nani. Mibaya ilikuwa mingi. Alipopata hiyo akanipigia simu.

"Umeibia nani hii?"

"Mama! Ni yangu."

"Mwandiko ni wako, hilo naliona. Namba ndiyo siielewi."

"Waoneshe kanisani."

"Nimeshawaonesha. Dada Hattie alikufundisha darasa la nne, amesema anataka aione bila miwani, halafu aione na miwani."

Hiyo ndiyo wiki yangu. Jumatatu sikuweza kukumbuka maneno matatu, Ijumaa nilikuwa na kurasa mia nne kichwani, na yote mawili yalifanyika kwenye jengo moja, korido moja, milango minne kati yake. Kumbuka hilo.

Mwisho wa Agosti yule bwana wa kufukuza watu akazunguka vyumbani. Wachezaji walimwita Mturuki. Usiniulize kwa nini, nilimkuta na jina hilo. Maneno yake yalikuwa yale yale kwa kila mtu: "Kocha anakuita. Njoo na kitabu chako." Ukisikia kitabu, umekwisha. Alipita mlangoni kwangu akaenda zake, nami nikakaa kitandani na kitabu kifuani nikalia kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli.

Kazi yangu yote ya kulipwa unaweza kuisoma ukiwa umesimama kwa mguu mmoja. Michezo saba. Nilipewa mpira mara ishirini na tisa. Yadi mia moja na nne. Nilivuka mstari wa mwisho mara moja, na siku hiyo Mama alipiga kelele mpaka jirani akaja na bunduki.

Mchezo wa nne Odell alichanika msuli wa paja, nikaingia mimi. Mchezo wa saba ulikuwa Oktoba, nyumbani, mvua nyembamba ya baridi.

Mbeba mpira habebi kila mara. Kuna nyakati mpira anao mrushaji, na kazi yako ni kusimama mbele yake kama mlango, anayekuja umzuie. Akaja adui mmoja, namba hamsini na tano mgongoni. Nilimwona tangu mbali, kwa sababu kitabu kilisema atakuja pale pale, ukurasa wa mia mbili na kumi na moja. Nikajishusha, nikampokea. Sauti niliyoisikia haikuwa ya kugongana. Ilikuwa kama mtu amebamiza mlango wa gari na kichwa changu kilikuwa bado mlangoni.

Taa za uwanja zikaota mikia.

Wakanitia kwenye kihema cha bluu. Daktari wa timu akanisomea maneno matano. Yapi, sijui. Nilitoa jasho, na safari hii sikuwa naigiza. Nilikuwa nayaona maneno yakiondoka moja moja kama watu wanaotoka kanisani kabla ya sadaka. Nikashika matatu.

Msaidizi akaangalia kwenye kompyuta. "Julai alipata mawili."

"Leo matatu?" Daktari akacheka. "Huyu kugongwa kunamsaidia. Tumgonge kila wiki."

Wote mle kihemani wakacheka. Nami nikacheka. Nilicheka kwa sababu walicheka, sikujua kitu gani kinachekesha.

Odell alikuwa nje amesimama kwa magongo. "Mangapi?" akaniuliza.

"Matatu."

Akanishika helmeti kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na uso wake. Alikuwa hacheki. "Dogo, kaa chini."

"Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Najua nilichokufundisha. Kaa chini, sema tumbo linauma."

"Ili anayefuata aingie?" nikamwambia. "Nirudi kukata samaki?"

Nikarudi uwanjani.

Kilichofuata sikikumbuki. Nimekiona kwenye simu, kama watu wengine milioni nne. Wananipa mpira, ninakwenda hatua tatu, mtu ananigonga ubavuni na mwingine kichwani, na mpira unatoka. Mimi, Kupe. Unatoka tu kama sabuni. Ninainuka. Ninatembea vizuri kabisa, kama mtu anayejua aendako, ninaingia kwenye duara la wachezaji, ninainama nao kungoja kuambiwa mbinu. Wote wamevaa nyeupe. Mimi nimevaa kijani.

Ni namba hamsini na tano aliyeniona. Kwenye video unamwona ananishika bega kwa upole, ananigeuza, midomo yake inasema, "Kaka, kwenu kule."

Watu waliitia muziki. Waliweka sauti ya ng'ombe. Hata mimi kuna moja iliyonichekesha, ile ya mtu anayeingia harusi isiyo yake na kuomba keki.

Wakanirudisha kihemani. Nikapata mawili.

"Mawili," msaidizi akasema. "Sawasawa na Julai."

Sawasawa. Andika hivyo, mzima.

Hapo ndipo ujinga wangu ulipokuja kudai chake. Sheria ya timu ilikuwa kwamba mchezaji aliyeumia hafukuzwi mpaka apone. Lakini mimi sikuwa nimeumia. Karatasi zilisema hivyo. Mimi nilikuwa mtu mzima, asiyeweza kukumbuka maneno matano kwa asili yake, aliyeangusha mpira na kuingia duara la adui. Jumanne Mturuki akasimama mlangoni.

"Kupe. Kocha anakuita. Njoo na kitabu chako."

Nikaanza kukitafuta. Nikapekua kabati. Nikainua godoro. Nikatoa viatu vyote. Yule bwana alikuwa na haraka zake, lakini nilimwona uso unabadilika.

"Kupe," akasema polepole. "Mkononi. Umekishika mkononi."

Brannock alipokea kitabu, akakifungua ukurasa wa kwanza ambapo nilikuwa nimeandika jina langu, akakifunga. Mtu mmoja wa ofisini akaniletea karatasi ya kusema natoka nikiwa mzima. Nikaweka sahihi mahali pasipo pake, akanionesha mahali pake, nikaweka tena.

Kwetu kuna kiwanda kimoja cha kambare ambamo Mama alisimama akikata samaki kwa miaka ishirini na sita. Walinipa kisu. Baada ya wiki mbili msimamizi, Bwana Tolliver, alinikuta nimesimama maegeshoni, kisu mkononi, aproni imelowa damu ya samaki, najaribu kukumbuka gari langu lina rangi gani. Gari langu lilikuwa limeuzwa mwaka uliopita. Akanitoa kwenye visu akaniweka kwenye maboksi. Halafu akanitoa kwenye maboksi.

Sitaki kukuorodheshea. Niliacha mafuta jikoni mara mbili, ya pili ukuta ukawa mweusi mpaka darini. Niliziba madirisha ya chumba changu kwa blanketi kwa sababu jua la asubuhi lilikuwa linanitia msumari kwenye jicho. Na siku moja Mama aliniuliza kama nimekula, swali la kawaida kabisa, nikaipiga ngumi friji ikabonyea, na mitihani yangu yote ikamwagika chini. Mama hakupiga kelele. Hilo ndilo lililoniogopesha, maana Mama hupiga kelele hata akifurahi. Aliinama, akaokota karatasi moja moja, akairudisha ile ya 58 kwa sumaku juu ya shimo ili lisionekane. Akasimama akaiangalia muda mrefu.

Kulikuwa na kliniki Memphis, saa mbili na nusu kwa gari, inayotibu vichwa vya wachezaji wa zamani. Mtu mmoja wa kanisani alikuwa na binamu aliyetibiwa pale, na yule binamu sasa alikuwa anaendesha gari mwenyewe na kujua anakokwenda. Lakini kuingia kulihitaji karatasi moja, iliyoandikwa na jopo la madaktari wa ligi, kwamba kichwa hiki kiliharibiwa na mchezo. Sikutaka kitu kingine duniani. Karatasi moja.

Nikampigia Odell, aje aseme alichonifundisha. Mkewe alipokea, akasita, akampa simu.

"Odell, ni mimi, Kupe."

"Raymond!" akasema, na furaha yake ilikuwa ya kweli. "Raymond, umekula?"

Mkewe akachukua simu tena. Akaniambia Raymond alikuwa mdogo wake Odell, alikufa maji wakiwa watoto. Akaniomba, kama haitanisumbua, nisipige tena, kwa sababu Odell akishamaliza kuongea na Raymond huzunguka nyumba nzima kumtafuta.

Wiki ya kwenda kwenye jopo, mimi na Mama tulibishana kila siku.

"Waambie ulidanganya ule mtihani," alisema.

"Nikisema nilidanganya, wataniita mwongo."

"Usiposema, watakuita bwege."

"Bwege nimeshazoea, Mama. Nina video."

"Wewe umezoea. Mimi sikuzaa bwege, na sitakaa kwenye kiti cha watu nisikilize wakiniambia nilizaa."

"Basi usije."

"Nani ataendesha gari? Wewe? Utatufikisha Alabama."

Tukaenda. Alivaa nguo zake za ushemasi, nyeupe kuanzia kofia mpaka viatu, na mkoba mkubwa wa kanisani ambao nilidhani una sandwichi. Chumba kilikuwa ghorofa ya tisa. Madaktari watatu, meza ndefu, jagi la maji. Aliyeongea alikuwa Daktari Lindqvist, mtu mpole, mwenye kucha safi sana. Akanisomea maneno matano.

Nikapata mawili. Nakuapia nilijitahidi. Nilijitahidi mpaka Mama akaniwekea mkono mgongoni.

Daktari akageuza faili. "Bwana Stampley, Julai ile, kabla hujacheza hata dakika moja, ulipata mawili. Oktoba, baada ya mchezo wa mwisho, mawili. Leo, miaka sita baadaye, mawili." Akavua miwani. "Nasikitika kwa hali yako. Lakini kazi yangu ni kulinganisha, na hapa hakuna kilichopungua. Kwa karatasi hizi, ulikuja hivi hivi."

Sijui ni kitu gani kilinifungua mdomo. Nikasema, "Kijiko, farasi, ngazi, chumvi, dirisha."

Akaangalia orodha yake. "Hayo siyo maneno niliyokusomea."

"Najua. Hayo ni ya Julai ile. Ndiyo yale niliyosahau." Nikajikuta nacheka, machozi yananitoka. "Nimesahau rangi ya gari langu, daktari. Nimesahau mazishi ya mjomba wangu, na mimi ndiye niliyebeba jeneza, wananiambia. Lakini hayo matano hayatoki. Nilidanganya. Nilijifanya sijui, ili siku nikigongwa wasinitoe. Tulidanganya wote, korido nzima."

Wale wawili wengine waliangalia meza. Lindqvist akairudisha miwani usoni.

"Unaelewa unachokisema?"

"Naelewa. Ndiyo mara ya kwanza wiki hii."

"Basi unaniweka pagumu. Kama Julai ulisema kweli, hukuharibika. Kama Julai ulidanganya, kwa nini niamini mawili ya leo? Mtu aliyejifanya hajui wakati ule ili apate kazi, anaweza kujifanya hajui leo ili apate karatasi. Ama ulikuwa hivi tangu mwanzo, Bwana Stampley, ama wewe ni mwongo. Kwa vyovyote siwezi kuandika unachotaka."

Nikatafuta jibu. Nilijua lipo. Nililiona kabisa linapita, kama basi linalopita kituo, nikainua mkono na likaenda. Nikamgeukia Mama nimwambie twende nyumbani.

Alikuwa amefungua mkoba. Akatoa karatasi moja, imekunjwa mara nne, bado ina alama ya mviringo ya sumaku, akaikunjua juu ya faili la daktari, akailainisha kwa kiganja kama anavyolainisha kitambaa cha meza ya Bwana. 58/60. Tarehe. Kalamu nyekundu ya Brannock.

"Hii ni nini, Bi Stampley?"

"Kitabu cha kurasa mia nne. Aliulizwa Ijumaa ya wiki ile ile, kwenye jengo lile lile, na watu wenu wale wale."

Lindqvist akaisoma. Akaisogeza kwa mwenzake wa kulia, huyo akaisogeza kwa wa tatu, na huyo wa tatu hakuisogeza popote.

"Hii," daktari akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "hii inathibitisha tu kwamba ule wa Jumatatu ulikuwa uongo. Nilichosema ni hicho hicho. Mwanao alidanganya."

Mama alifunga mkoba wake. Klipu ikalia.

"Alidanganya, ndiyo, na alikuwa mtoto wa miaka ishirini na miwili. Sasa niambie wewe mtu mzima: Jumatatu mliandika huyu ni zezeta, Ijumaa mkaandika ana kichwa cha wakili, karatasi zote mbili zikatoka korido moja, na Oktoba mkachagua ile ya zezeta. Mwongo ni nani?"